Pampu ya Maji ya Gari: Kuitunza, Kuibadilisha na Kuzijua Haki Zako

Somo hili ni kwa ajili ya mmiliki wa kawaida wa gari katika mikoa ya Mbeya na Iringa, ambaye si fundi na hakusudii kuwa fundi, lakini hulipa fedha zake gereji na dukani. Baada ya kulisoma, utaweza kutambua dalili za pampu inayochoka, kumwuliza fundi maswali yanayofaa kabla ya kulipa, kuchagua kipuri kinachostahili, na kujua pa kwenda endapo umeuziwa kitu kisichofaa.

Pampu ya maji, ambayo mafundi wengi huiita wota pampu, ni kifaa kidogo. Ikifa bila mwenye gari kujua, huweza kuiua injini nzima kwa safari moja. Lakini pampu nyingi hazifi ghafla. Hutoa taarifa kwa wiki au miezi, na hasara kubwa humpata yule ambaye hakuitambua taarifa hiyo au aliipuuza.

1. Kwa nini jambo hili ni zito zaidi Nyanda za Juu

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita katika joto la Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu mingi, kisha hupanda Mlima Kitonga katika Wilaya ya Kilolo kabla ya kufika Ilula na Iringa. Mbele zaidi, ukitoka tambarare ya Usangu kupitia Chimala na Igurusi, hupanda tena kuelekea Inyala na Uyole. Katika miinuko hiyo gari dogo mara nyingi hukwama nyuma ya malori yaendayo taratibu. Injini hufanya kazi kubwa kwa gia ndogo huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa mdogo. Hapo ndipo udhaifu wa pampu, ambao hauonekani ukizunguka mjini, hujitokeza.

Sababu ya pili ni urefu kutoka usawa wa bahari. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pwani, lakini kadiri unavyopanda, huchemka kwa joto dogo zaidi. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji yaliyo katika chombo cha wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Injini nyingi hufanya kazi kwa joto linalokaribia kiwango hicho. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima, chenye alama ya 0.9 au 1.1 kama vingi vilivyo, huwezesha maji kustahimili joto la zaidi ya nyuzi 110 hata Mbeya. Kifuniko kibovu huliondoa lote hilo. Ndiyo maana gari lililokuwa salama Dar es Salaam laweza kuchemsha likifika kwetu.

Sababu ya tatu ni baridi. Miezi ya Juni na Julai, Mafinga na Mbeya huwa na asubuhi za baridi kali, na juu Kitulo umande huganda. Maji matupu yakiganda ndani ya injini hutanuka, na huweza kupasua rejeta au bloku ya injini.

2. Pampu inavyofanya kazi

Ndani ya injini kuna njia za maji zinazozunguka silinda. Pampu huyasukuma maji hayo ili yachukue joto la injini na kulipeleka kwenye rejeta, ambako upepo huyapoza kabla ya kurudi. Pampu ina sehemu nne muhimu: puli inayozungushwa na mkanda, mhimili uliokaa juu ya beringi, sili inayozuia maji yasiifikie beringi, na gurudumu la mapanga linalosukuma maji.

Chini ya mhimili huwa na tundu dogo. Tundu hilo halikuachwa kwa bahati mbaya. Sili inapoanza kuchoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kwa hiyo tone la maji katika tundu hilo ni onyo lililowekwa na mtengenezaji mwenyewe. Fundi anayependekeza kuliziba kwa gundi anakufungia macho tu, kwa maana maji yataielekea beringi.

3. Dalili za pampu inayochoka

(a) Maji au alama ya ukoko mweupe, wa kijani au mwekundu, kulingana na rangi ya maji ya rejeta, kuzunguka pampu au chini yake.

(b) Mlio wa kusaga au wa kupiga mluzi kutoka mbele ya injini, unaobadilika kadiri injini inavyozungushwa.

(c) Puli inayocheza. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ishike puli na uitikise. Haipaswi kuyumba.

(d) Mshale wa joto unaopanda mlimani kisha kushuka ufikapo tambarare.

(e) Hita inayotoa hewa baridi ilhali injini imekwisha kupata moto. Mkazi wa Mbeya au Mafinga anayeiwasha hita asubuhi ana nafasi nzuri ya kuigundua dalili hii mapema.

(f) Maji ya rejeta yanayopungua mara kwa mara. Ukijaza zaidi ya mara moja kwa mwezi, tafuta sababu. Usizoee kubeba dumu.

4. Si kila gari linalochemsha lina pampu mbovu

Hapa ndipo walaji wengi hupoteza fedha. Gari likichemsha, pampu hubadilishwa kwa kubahatisha. Likichemsha tena, hubadilishwa rejeta. Mwishowe hugundulika kuwa tatizo lilikuwa kifuniko. Kabla ya kukubali pampu ibadilishwe, hakikisha yafuatayo yamekaguliwa, kuanzia lililo rahisi:

Kiasi cha maji, kifuniko cha rejeta, mipira ya rejeta, hasa iliyovimba, iliyopasuka au inayobonyea, mkanda wa pampu na feni, feni yenyewe, rejeta kuziba kwa uchafu ndani au kwa matope na wadudu nje, thamostati, ndipo pampu. Gereji iliyokamilika ina kifaa cha mkono kinachofungwa mdomoni mwa rejeta na kusukuma hewa ili mahali panapovuja paonekane injini ikiwa baridi. Kipimo hicho huchukua dakika chache.

Ikiwa maji hupungua bila kuonekana yanapovujia, bomba la moshi linatoa moshi mweupe mzito hata baada ya injini kupata moto, au oili imekuwa na rangi ya maziwa, yamkini gasketi ya silinda hedi imeungua. Kubadilisha pampu hakutaponya hilo.

Jihadhari pia na ushauri wa kuondoa thamostati «ili maji yapite vizuri». Bila thamostati, injini katika hali ya hewa ya baridi huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Katika injini kadhaa, thamostati ndiyo pia huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huweza kuchemsha kuliko mwanzo. Thamostati mbovu hubadilishwa. Haitupwi ikaachwa nafasi tupu.

5. Matunzo

Adui mkubwa wa pampu ni maji yasiyofaa. Maji ya mto, kisima au bomba yana madini na tope. Huleta kutu, huziba rejeta na kusaga sili. Tumia maji maalumu ya rejeta, yajulikanayo madukani kama kulanti. Hayo huzuia kutu, hulainisha sili ya pampu, huchelewesha kuchemka na huzuia kuganda. Mengine huuzwa yakiwa tayari kwa kutumia, na mengine huhitaji kuchanganywa; soma lebo. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yaani yale ya betri yasiyo na asidi, unatosha kwa baridi yoyote ya nchi yetu.

Rangi peke yake haikuambii aina. Usichanganye aina mbili kwa sababu tu rangi zinafanana. Fuata kitabu cha gari. Na ukilazimika kuongeza maji ya bomba njiani, fanya hivyo ili ufike, kisha mwambie fundi amwage yote na kujaza upya.

Kulanti nyingi zina sumu, na ladha yake ni tamu. Usiziache kwenye beseni wala kuzimwaga uani ambako mtoto, mbwa au kuku anaweza kuzinywa.

6. Wakati wa kubadilisha

Kwanza fahamu pampu ya gari lako huzungushwa na nini. Katika injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Toyota IST na Probox nyingi, pampu iko nje na huzungushwa na mkanda wa nje. Hiyo huweza kubadilishwa dalili zinapoonekana. Lakini katika injini ya 3S-FE, iliyomo katika Noah na RAV4 za zamani, na katika injini za EJ za Subaru Forester za miaka iliyopita, pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, ndani ya kava. Beringi ya pampu ikikwama, mkanda hukatika au kuruka meno, na gari husimama hapo hapo.

Kwa injini za aina hii kanuni ni moja: mkanda wa taimingi ukibadilishwa, pampu ikaguliwe na, kwa kawaida, ibadilishwe pamoja nao. Kazi ya kufungua ni ile ile. Kuacha pampu ya zamani ili kupunguza gharama ni kujiandaa kulipia kazi hiyo mara mbili. Watengenezaji wa Japani kwa injini nyingi za namna hii hutaja takriban kilometa 100,000.

Ukinunua gari lililotumika Japani, tazama ndani ya boneti, hasa juu ya kava ya mkanda. Gereji za huko hubandika karatasi ndogo yenye tarehe na kilometa za siku mkanda ulipobadilishwa. Mwaka huweza kuandikwa kwa kalenda ya Kijapani: palipo na herufi H, ongeza 1988, hivyo H22 ni mwaka 2010, palipo na R, ongeza 2018. Usipoikuta karatasi hiyo, wala kumbukumbu nyingine, chukulia kwamba mkanda na pampu havijabadilishwa.

7. Kununua pampu

Nenda dukani na nakala ya namba ya chesisi na aina ya injini, au na pampu ya zamani mkononi. Jina la gari halitoshi, kwa kuwa gari lenye jina moja huweza kuwa na injini tofauti. Kabla ya kulipa, fungua boksi na ukague:

Matundu ya boliti yanalingana na ya zamani? Mapanga ni mangapi, na urefu wake ni ule ule? Ukizungusha kwa mkono, inazunguka laini bila kukwaruza wala kuyumba? Uso unaogusana na injini umenyooka na hauna mikwaruzo? Gasketi mpya ipo ndani ya boksi? Chapa ya boksi imeandikwa sawasawa, bila makosa ya tahajia, na namba yake inafanana na ile iliyo kwenye kipuri?

Vipuri halisi vya mtengenezaji wa gari na vipuri vya kampuni nyingine vyote huuzwa kihalali. Tofauti ya bei baina yake si kosa. Kosa ni kukuuzia cha kampuni nyingine kwa jina na boksi la mtengenezaji. Mwulize muuzaji waziwazi, «Hii ni halisi ya kampuni, au ni ya kampuni nyingine?», na umwombe aandike jibu lake kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hatasita.

Ama pampu ya mtumba, iliyotolewa katika injini nyingine, haifai kuwa akiba. Huwezi kuona hali ya sili wala beringi, na gharama ya ufundi ni ile ile.

8. Gereji: kabla, wakati na baada ya kazi

Kabla ya kazi, omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha bei ya vipuri na bei ya ufundi. Elewaneni pia kwamba hakuna kazi ya ziada itakayofanywa kabla ya kupigiwa simu. Mnaweza kuelewana kwa heshima: «Fundi, naomba ukifungua ukakuta kingine, unipigie kwanza, na vipuri vya zamani uniwekee nivione.» Kuviona vipuri vya zamani ni uthibitisho wako kwamba vipya vimefungwa kweli.

Huhitaji kusimama juu ya fundi, lakini fahamu hatua zinazopambanua kazi nzuri na ya haraka. Injini iwe baridi. Maji yamwagwe kwenye chombo. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote pasipo kuchimba uso wa alumini. Gasketi mpya ifungwe, na gundi itumike pale tu mtengenezaji anapoagiza; gundi iliyozidi hukatika vipande na kuziba njia za maji. Boliti zikazwe kwa zamu, za mkabala, kwa kipimo. Mkanda ukaguliwe ukiwa umetolewa. Maji yajazwe taratibu huku hita ikiwa wazi, na hewa yote itolewe, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani huweza kulichemsha gari lenye pampu mpya kabisa.

Baada ya kazi, injini iachwe ikinguruma hadi feni iwake na kuzima, kisha lizungushwe barabarani. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, kagua maji na sakafu chini ya gari. Rudia baada ya kilometa 50 hivi. Usipange safari ya Kitonga siku ile ile pampu ilipofungwa.

9. Gari likichemsha njiani

Mshale wa joto ukianza kupanda mlimani, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu yote ili sehemu ya joto itokee ndani ya gari, na utafute mahali salama pa kuegesha, mbali na kona. Ukifika kwenye nyekundu, usijaribu kufika kilele. Egesha, zima injini, weka pembetatu za tahadhari.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Mvuke na maji yaliyogandamizwa huruka usoni na huunguza vibaya sana. Subiri walau nusu saa, na ufungue tu pale mpira wa juu wa rejeta unaposhikika bila kuunguza. Usimimine maji baridi katika injini yenye moto. Silinda hedi huweza kupasuka. Kama mkanda umekatika, puli inayumba au maji yanamwagika yote, gari livutwe. Silinda hedi za alumini hupinda zinapozidi joto, na kilometa chache za ukaidi huweza kugeuza gharama ya pampu moja kuwa gharama ya kufumua injini.

10. Haki zako

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huweka masharti kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Vilevile, pale mnunuzi anapomweleza mfanyabiashara matumizi anayoyakusudia na kumtegemea kwa utaalamu wake, bidhaa ifae kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hukataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, asili au aina ya bidhaa. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 hukataza bidhaa zenye alama bandia. Kwa hiyo bango la «bidhaa ikiuzwa hairudishwi» halimpi muuzaji ruhusa ya kukudanganya.

Ushahidi wako ni huu: risiti ya mashine ya kielektroniki, ambayo ni wajibu wa muuzaji kuitoa na wako kuidai, boksi na lebo, kipuri chenyewe, makadirio ya gereji, na picha zenye tarehe. Anza kwa kurudi dukani au gereji na kueleza tatizo kwa utulivu, ikiwezekana kwa maandishi. Usipopata suluhu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kuhusu ubora wa bidhaa, waweza kulifikia Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lina ofisi ya kanda jijini Mbeya. Usikitupe kipuri kibovu wala kumwachia muuzaji bila hati ya makabidhiano. Kikipotea, dai lako hudhoofika.

Maswali ya kujipima

1. Pampu ya gari lako huzungushwa na mkanda wa nje au wa taimingi? Kama hujui, mwulize fundi wiki hii.

2. Kifuniko cha rejeta yako kina alama gani, na mpira wake ni mzima?

3. Ndani ya rejeta yako mna kulanti au maji ya bomba?

4. Risiti ya kipuri chako cha mwisho iko wapi?

5. Taja vitu vitano vya kukaguliwa kabla ya kukubali kwamba pampu ndiyo mbovu.

Aliyeweza kuyajibu maswali haya yuko tayari kuzungumza na fundi na muuzaji akiwa anajua anachokilipia. Asiyeweza na aanze na lililo rahisi: kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, afungue boneti, atazame kiasi cha maji, na kumulika tochi chini ya pampu.